Gari Nyuma ya Makaburi

Nimechoka. Afadhali niseme mapema, maana watu wakisikia habari za baiskeli wanadhani nitawasimulia upepo mwanana na milima ya kijani. Hakuna. Mwaka huo nilikuwa na miaka hamsini na saba, mgongo ukiniuma kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu, na nilikuwa nikimuuguza Mama, miaka themanini na tisa, ambaye akili ilikuwa imeanza kumtoka. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku anataka kwenda shule. Namvalisha, namvua, namrudisha kitandani, anaamka tena. Mchana yeye analala, mimi nafua mashuka.

Kitu changu mimi mwenyewe, katika wiki nzima, kilikuwa kiti kimoja tu. Kiti cha pili kutoka dirishani, kwenye baa ya Tonica, kijijini Benialcó juu ya mlima, Jumapili saa tatu na nusu asubuhi.

Kwetu huku watu hawapandi baiskeli kwa ajili ya afya, hata kama wanadai hivyo. Wanapanda ili wakale. Unapanda mlima unatukana, unafika juu unahema, unaketi, na mezani tayari kuna karanga za maganda, zeituni na chupa ya divai ya kuchanganya na soda. Kisha unaletewa nusu ya mkate mrefu, umepasuliwa ukajazwa mpaka haufungiki: nyama ya farasi na vitunguu saumu vichanga, au soseji na maharage, au viazi na mayai. Mwisho kahawa yenye ramu iliyowashwa moto. Saa nzima na robo ya kula na kubishana, halafu mnateremka.

Tulikuwa wanne. Batiste, mzee wa miaka sitini na nane, aliyestaafu kazi ya tanuri kwenye kiwanda cha vigae, mgumu kuliko vigae vyenyewe. Nelo mwenye bucha, mdomo haufungwi. Voro, fundi bomba, mpole, anayekula polepole hadi inaudhi. Na mimi, Fineta, mwanamke pekee, nisiyepewa nafuu yoyote kwa sababu hiyo. Wakinichokoza wananichokoza kweli kweli.

"Fineta, leo umekuja na tairi au umekuja na mawe?" Nelo huuliza.

"Nimekuja na miguu, wewe umekuja na tumbo. Tazama baiskeli inavyolia, masikini."

Ndiyo hayo niliyokuwa nikiyafuata. Huko mjini kila mtu alikuwa akinihurumia. Dukani wananihurumia, duka la dawa wananihurumia, kanisani wananishika mkono kwa mikono miwili. "Pole, Fineta, vipi mama?" Pole, pole, pole. Nilikuwa nimezichoka pole hizo kuliko kazi yenyewe. Pale mezani kwa Tonica hakuna aliyenipa pole.

Lakini meza ile ilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa ya Batiste. Miaka kumi na minne iliyopita shemeji yake Voro alizoea kupanda kwa gari, anaegesha mlangoni, anaketi nasi na kula kama aliyetoka jasho. Siku moja Batiste akagonga meza. "Hapa wanakaa waliokanyaga pedali. Aliyekuja kwa gari, meza zingine zipo." Shemeji mtu akanuna, akahamia karibu na choo, asirudi tena. Hakuna aliyebisha. Mimi mwenyewe nilipiga makofi siku ile, nakumbuka vizuri sana.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu.

Ndugu yangu Ferran alikuwa amekubali kukaa na Mama Jumapili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Mimi ni mzito milimani, kwa hiyo miaka yote nilikuwa natangulia saa nzima kabla ya wenzangu, na tunakutana mezani. Tangu Februari Ferran akaanza kuchelewa. Mara saa moja, mara saa mbili, mara saa mbili na nusu, anaingia anapiga miayo. Nikimsema ananiambia, "Fineta, na mimi nina maisha." Sawa, ana maisha. Lakini kutoka nyumbani hadi Benialcó ni kilomita thelathini na moja, na tisa za mwisho ni kupanda tu. Hata ningekuwa na miaka ishirini, nisingefika.

Jumapili ya kwanza ya kuchelewa nilikaa nyumbani nikalia jikoni. Ya pili nikaitia baiskeli kwenye buti la gari.

Nilizunguka kwa barabara ya bondeni, ambayo waendesha baiskeli hawaipiti kwa sababu ya malori, nikaegesha nyuma ya makaburi ya Benialcó. Nikaishusha baiskeli. Nikaloanisha jezi yangu kwenye bomba la kumwagilia maua ya marehemu, mgongoni na kwapani, nikajipaka vumbi kwenye soksi. Kutoka pale hadi kwa Tonica ni kilomita mbili, tambarare. Nilipofika, wenzangu wakaingia dakika kumi baadaye, wamelowa, ndimi nje.

"Hatukukuona njiani kabisa!" Voro akasema. "Leo umepanda vizuri."

Batiste akanitazama, akatikisa kichwa kwa heshima, na huyo mzee hatikisi kichwa ovyo. Kisha wakanipigia makofi, wote watatu. Niliona aibu, lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko aibu. Nikala.

Nikafanya hivyo Jumapili nane. Mtauliza, kwa nini hukusema ukweli? Ningesema nini? Jamani, ndugu yangu ananichelewesha, mama yangu halali, naomba mnionee huruma mniruhusu nije na gari? Basi ile meza nayo ingegeuka kuwa duka la dawa. Nilijua siku watakayojua nitapoteza kiti, kwa sheria au kwa huruma, na sikujua lipi ni baya zaidi.

Jumapili ya tisa ilikuwa Mei. Usiku ule Mama hakulala hata kidogo, na mimi sikulala hata kidogo. Halafu, ajabu, Ferran akaja saa moja na nusu. Kwake yeye huko ni kuwahi! Nikafika makaburini saa mbili na dakika kumi. Mapema mno. Nikiingia kwa Tonica saa hiyo, hata Voro angeshtuka. Nikasema nifumbe macho dakika tano. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya baiskeli, na simu nilikuwa nimeshaitia kwenye kimkoba chini ya kiti cha baiskeli, kwenye buti. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo.

Nilichoamshwa nacho ni ngumi. Mtu alikuwa anagonga kioo kwa ngumi, kofia yangu ikiruka kwenye kila pigo. Nikafumbua macho nikamwona Nelo, amekuwa mweupe kama chokaa, na nyuma yake Voro ameshika kichwa. Jua lilikuwa limepanda sana. Nikatazama saa ya gari: saa tano na nusu.

Nikashusha kioo. Nelo hakusema neno. Nelo! Mtu ambaye hunyamaza akiwa anameza tu. Hapo ndipo nikajua mambo yameharibika.

"Yupo," Voro akamwambia Batiste kwenye simu. "Yupo, mzima, yupo makaburini. Hapana, hapana! Ndani ya gari. Alikuwa amelala. Njoo."

Kidogo kidogo Voro akanieleza. Walifika saa tatu na nusu, mimi sipo. Wakasubiri. Tonica akasema hajaniona. Saa nne wakapiga simu, haipokelewi. Na mwaka uliotangulia, katika mlima ule ule, mwendesha baiskeli mmoja aligongwa na gari lililokimbia, akaja kuonekana korongoni jioni. Kwa hiyo hawakula. Waliacha mikate mezani wakarudi chini mlima mzima, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakichungulia kila kona, wakiniita. Mwishowe Voro akampigia mkewe, mkewe akaenda kugonga nyumbani kwetu, na Ferran akajibu kwenye kipaza sauti cha mlangoni: "Fineta? Ameondoka na gari. Si ndiyo kawaida yake kila Jumapili?"

Basi wakaacha kutafuta maiti, wakatafuta gari.

Batiste akaja akiisukuma baiskeli, hakuipanda. Goti lake lilikuwa linatoka damu na soksi imejaa miiba. Akasimama mbele yangu. Nilikuwa nimeshatoka garini, na nilikuwa bado na kofia kichwani, sijui kwa nini sikuivua.

"Jumapili ngapi?" akauliza.

"Nane. Na leo."

"Tulikuwa tunakupigia makofi."

"Najua."

"Kona ya kisima," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, si sauti yake. "Niliona kitu cha njano huko chini. Njano kama jezi yako. Nikashuka. Nimeteleza, nimeanguka, sijali. Nilipofika kama hatua kumi nikashindwa kusogea. Nimesimama pale sijui dakika ngapi, Fineta. Mwanaume mzima, nashindwa kusogea. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama yako."

"Kilikuwa nini?"

"Mfuko wa mbolea."

Ningetamani anitukane. Nikasema, "Nisamehe." Nikasema pia kwamba Ferran anachelewa, kwamba Mama halali, kwamba nilichokuwa nataka ni kukaa tu, kukaa mahali na kula na watu. Yote yalitoka kwa pamoja, vibaya, na machozi na makamasi. Nilipomaliza nikasema, "Sitakuja tena. Kiti wekeni mtu mwingine." Nelo akanisaidia kuvua kofia, taratibu, kama ninavyomvua Mama. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Nikarudi nyumbani na njaa. Nao wakarudi na njaa, maana Tonica alikuwa ameshafunga jiko.

Siku nne sikupokea simu ya mtu. Nilifua, nilipika uji wa ngano, nilimwambia Mama mara arobaini kwamba shule imefungwa. Niliwaza kuiuza baiskeli. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata huzuni nilikuwa naifanya nusu nusu, kwa vipande, kati ya kazi moja na nyingine.

Alhamisi jioni kengele ikalia. Batiste, amevaa shati safi, bandeji gotini ikijaza suruali.

"Sheria haibadiliki," akasema, hata salamu hakunipa.

"Sijaomba ibadilike."

"Vizuri. Kwa hiyo Jumapili utapanda. Kwa miguu yako. Nitakuja hapa saa kumi na mbili kasoro robo, nitakaa na mama yako mpaka huyo ndugu yako atakapojisikia kuja."

"Na wewe utapanda saa ngapi?"

"Mimi sipandi."

"Batiste, usipopanda huli."

"Sheria niliitunga mimi, unanifundisha?" Akachungulia ndani, kuelekea chumba cha Mama. "Jumapili inayofuata Voro. Halafu Nelo, Mungu amsaidie mama yako. Halafu mimi tena."

"Hamuwezi. Mama ana mambo yake. Atakufukuza. Atakwambia wewe mwizi."

"Nimefanya kazi miaka thelathini na nane na watu walioniita mwizi. Saa kumi na mbili kasoro robo. Uwe umeshatia tairi upepo."

Akaenda zake. Nikafunga mlango nikaegemea ukuta. Sikufurahi, nasema kweli. Niliingiwa na hofu. Sasa ilinibidi kuupanda ule mlima, na nilikuwa sijaupanda tangu Januari.

Jumapili ile nisiielezee sana. Kilomita tisa. Katika ya tatu niliwalaani Batiste na ukoo wake. Katika ya tano nikashuka nikatembea, nikiisukuma baiskeli kama toroli, na wala sikuona haya. Katika ya sita, kona ya kisima, nikasimama nikachungulia chini. Mfuko wa njano bado ulikuwapo. Ni mbali sana pale, na ni mteremko mkali sana, kwa mzee wa umri ule. Nikapanda tena. Nelo na Voro walikuwa wamenipita zamani, na waliponipita hawakunisubiri, jambo ambalo niliwashukuru kimoyomoyo.

Nikafika saa nne na dakika ishirini. Sikuhitaji bomba la makaburini.

"Tonica!" Nelo akapiga kelele huku mdomo umejaa. "Lete mtungi wa hewa na padri! Fineta huyu hapa! Fineta, tulikuwa tumeshagawana mkate wako. Tulidhani utafika sikukuu ya Krismasi."

"Funga hilo bakuli," nikasema, na sauti haikutoka, kwa hiyo nikarusha ganda la karanga.

Wakacheka. Nikaketi kwenye kiti changu. Mkate wangu ulikuwapo, viazi na mayai, umefunikwa kwa sahani ili usipoe. Kiti cha Batiste kilikuwa wazi, na wote watatu tulijitahidi kutokitazama. Nikauma mara ya kwanza, nikauma mara ya pili, na simu ikalia.

Ferran. "Fineta, leo siji kabisa. Gari limegoma kuwaka. Jitahidini."

Jitahidini! Nikakata simu nikasimama. Nilikuwa nimekaa dakika nne.

"Unakwenda wapi?" Voro akauliza.

"Nyumbani. Ferran haji. Batiste yuko naye tangu alfajiri, na Mama anahitaji kuogeshwa, na dawa ya saa nne, na..." Nikaanza kuvaa glavu. Kuteremka ni saa nzima. Nikampigia Batiste huku nikikisukuma kiti kando kwa mguu, nimwambie avumilie.

"Ndiyo," akajibu.

"Batiste, Ferran haji. Nakuja sasa hivi. Nipe saa moja."

"Kaa chini."

"Batiste, wewe huna wajibu wa..."

"Nimesikia kiti kikikwaruza. Kaa chini. Dawa amekunywa. Supu ameipasha mwenyewe, mimi nimesimama tu karibu na moto."

"Anakusumbua?"

"Ananigombeza. Anadhani mimi ni marehemu baba yako. Anasema nilikuwa wapi, chakula kimepoa mara mbili, na siku moja nitarudi nikute mlango umefungwa."

Kwa nyuma nikamsikia Mama, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi, sauti ya mwenye nyumba: "Na hivyo viatu uvivue, nimepiga deki!"

"Mwambie wewe si Baba," nikasema. "Mwambie taratibu, ataelewa, au atasahau."

"Simwambii kitu."

"Batiste."

"Fineta, sikiliza." Akashusha sauti, nadhani alikuwa amegeukia ukutani. "Remei ana miaka sita tangu afe."

Remei ni mkewe. Tangu tumzike sikuwahi kumsikia Batiste akilitaja jina hilo, si njiani, si mezani, si baada ya kahawa ya ramu.

"Miaka sita narudi nyumbani saa ninayotaka," akasema. "Hakuna anayeniuliza nilikuwa wapi. Wewe kula. Kula polepole. Niache nigombezwe kidogo."

Akakata simu.

Nikaketi. Nelo akanisogezea sahani, akaniuliza kuna nini, mbona uso umekuwa hivyo. Nikamwambia hakuna kitu, ni Batiste, amechelewa kurudi nyumbani, na nikaanza kula.